Mkuyu Kwenye Sahani

Jumapili, 2 Machi

Urithi wangu umefika leo, umefungwa kwa kamba kwenye kiti cha nyuma cha gari la Kaka kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mti mmoja. Urefu wake ni kutoka kwenye kiwiko changu hadi kwenye ncha za vidole, shina nene kama mkono wa mtoto, matawi makavu, jani hata la dawa hakuna. Umepandwa kwenye sahani ya udongo isiyo na kina, ukiweka kidole unagusa chini. Kaka aliuweka mezani kwangu, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Haya, mzigo wako huo. Mimi nilikuwa nautupa."

Kaka amepata nyumba ya Baba. Mimi nimepata mti mkavu. Sisemi kitu, naandika tu ilivyo.

Uongo, nilisema. Nilimuuliza, miezi tisa tangu tumzike Baba, mti umekaa kwenye roshani yenu, nani alikuwa anaumwagilia? Akaangalia saa yake. "Muulize wifi yako, mambo ya ndani ni yake." Kisha akanikumbusha kwamba mwezi wa tano wifi anapasuliwa goti, kwa hiyo Mama atakuja kukaa kwangu.

"Basi Mama akija ataukuta na majani," nikasema.

Kaka akacheka kile kicheko chake cha puani. "Huo ukiota, nitakuita daktari."

Naandika kwenye kitabu cha miadi cha kliniki ninakofanya kazi, cha mwaka juzi, kilichobakiza kurasa. Juu ya ukurasa huu pameandikwa: saa nne, kung'oa gego.

Jumatatu, 3 Machi

Joto. Mvua hakuna. Nimeumwagilia, maji yamepita juu juu yakamwagikia mezani.

Jumanne, 4 Machi

Baba alikuwa karani wa posta. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja alipouleta nyumbani, kamche kadogo tu, pamoja na kitabu cha picha ambacho aliyetumiwa hakuja kukichukua pale posta. Tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla hajanywa chai, kabla hajamjibu mtu salamu, alikuwa roshani na kopo lake alilolitoboa kwa msumari. Alikuwa na mkasi wa mti. Ukiugusa mkasi ule, kofi. Hakulala nje ya nyumba hata siku moja tangu aupande mpaka alipolazwa, na majirani wakamsifia kwa Mama: umepata mume mtulivu.

Ukimuuliza ni mti gani, alijibu, "Ni mti." Basi.

Nilipomaliza chuo nikamletea cheti changu cha ufundi wa meno ya bandia. Alikisoma mbele na nyuma. Akasema, "Fundi, basi," akatoka kwenda kukata kijitawi. Na Mama alipong'oka meno yote nikamtengenezea seti nzima, ya juu na ya chini, kazi ambayo Daktari mwenyewe wa kliniki aliwaita wenzake waione. Mama akatabasamu mbele ya Baba. Baba akauliza chakula kimeiva?

Miaka hamsini na moja sijasikia neno zuri kutoka kwa mzee yule, na sasa hata akitaka hawezi. Kilichobaki ni huu mti. Nitauotesha, hata kwa jeuri tu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemleta Bwana Miche, yule anayeuza miche pembeni ya ukuta wa kliniki. Ameuzunguka mti mara mbili, mikono nyuma.

"Dada, hii inaitwa bonsai, mti unaozuiwa kukua."

"Ndilo jina la mti?"

"Hapana. Ndilo jina la adhabu."

Jina la mti wenyewe hakuweza kulisema. Bila jani, alisema, anaweza kunidanganya tu, na mimi ni mteja wake. Akakwangua gome kwa ukucha. Juu, kahawia. Katikati, kahawia. Akashuka mpaka karibu na mizizi, akakwangua tena, na pale palikuwa na mstari wa kijani mwembamba kama uzi.

"Mzima huyu. Anajifanya tu."

Sikujua kama nilishika mkono wake mpaka alipouangalia.

Ameniambia mambo matatu. Kwanza, waya: Baba alizungushia matawi waya ili yapinde alivyotaka, na waya umemezwa na gome, niukate kipande kipande, nisivute. Pili, kivuli, si jua kali. Tatu, udongo umeshikana na una ukoko mweupe pembeni. Aliufuta kwa kidole, akadhani ni magadi ya maji ya bomba. Nidumbukize sahani nzima kwenye beseni la maji safi, niyamwage, nirudie mara tatu.

Nimerudia mara sita.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia Mama. Shikamoo, marahaba, na kabla hajaniuliza hali yangu: "Umeota?"

"Bado, Mama. Ila uko hai. Kuna kijani chini."

"Kumbe."

Maskini Mama. Kwa mara ya kwanza tuna kitu cha kuongea.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimeubeba mti kwenda nao kazini. Wakati wa chakula cha mchana nikaufanyia operesheni kwenye meza yangu, kati ya mataya ya plasta ninayopimia meno, kwa koleo ninazokatia waya wa meno. Vipande kumi na vinne. Vingine vilikuwa vimezama mpaka gome limevifunika kabisa, kama vile mti umevikubali. Baba alivifunga, akasahau kuvifungua, au alikumbuka na akaona vinapendeza. Kote nilipochubua nimeziba kwa nta ya waridi ninayotumia kwenye fizi za bandia.

Binti wa mapokezi, ambaye sote tunamwita Redio, alichungulia mlangoni. "Mama wee! Sasa mti una fizi. Meno unauwekea lini?"

Kliniki nzima imecheka. Hata mimi.

Jumapili, 16 Machi

Mama: "Umeota?" Bado.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua ya kwanza. Nimeutoa roshani unyeshewe.

Jumapili, 23 Machi

Mama: "Umeota?" Bado. Mvua.

Jumapili, 30 Machi

Nakwangua kila siku kama mtoto anayebandua kidonda. Mstari wa kijani uko palepale, haupandi. Wiki tatu. Na kila nikiuangalia namuona wifi kwenye roshani ile, anaanika nguo, anaupita mti uliokauka kwa kiu, anarudi ndani kutazama televisheni. Miezi tisa! Kikombe kimoja cha maji kingempunguzia nini? Huyu ndiye Mama anamsifia eti ana subira. Subira ya nani, ya kuangalia kitu kikifa?

Nimeandika kwenye kundi la familia kwenye simu. Nilianza kwa salamu, nikamaliza hivi: "Wengine waliachiwa kitu cha marehemu wakashindwa hata kukipa maji. Kikulacho ki nguoni mwako." Jina sikutaja, lakini hata asiyejua kusoma angejua.

Kaka ameweka kikaragosi cha mtu anayejipiga kofi kwenye paji la uso. Binamu wamemiminika na vicheko. Wifi amesoma, alama inaonekana, na hajajibu. Mwenye hatia ajibu nini?

Jumanne, 1 Aprili

Kimya cha wifi kinaendelea. Kizuri sana.

Jumapili, 6 Aprili

Kuna chunusi! Chini kabisa ya shina, upande wa kushoto, chunusi ya kijani iliyochongoka. Nimeitazama kwa lenzi ya kazini ninayokagulia meno. Si uchafu, si mdudu. Chipukizi.

Sikumwambia Mama kwenye simu. Nataka nimwambie jani, si chunusi.

Jumamosi, 12 Aprili

Majani mawili, na la tatu bado limejikunja. Bwana Miche alikuja mbio, mikono ina udongo. Akachoma jani kwa mwiba kidogo tu, likatoa tone jeupe kama maziwa. Akalinusa. Akaangalia mishipa ya jani nyuma. Akageuza sahani akaangalia mizizi jinsi ilivyokumbatia jiwe la kwenye udongo.

"Dada, huu mkuyu."

Nilicheka. Mkuyu naujua, nani asiyeujua? Mkuyu ni mti wa kukaa ng'ombe na wachungaji wao chini yake, na kivuli kinabaki.

"Ndiyo huohuo. Ungekuwa ardhini miaka yote hii, ungekuwa umeangusha ukuta wa nyumba yenu." Akatikisa kichwa. "Mzee wako alikuwa na roho ngumu. Kila mwaka kuukata mizizi, kila mwaka. Mimi nisingeweza."

Kwa hiyo hilo ndilo jina. Miaka arobaini roshani kwetu kulikuwa na mkuyu, na sisi watoto wa nyumba hatukujua. Nililisema kwa sauti mara kadhaa baada ya yeye kuondoka. Mkuyu. Nilihisi kama Baba ameniambia kitu, ingawa si yeye aliyeniambia.

Bwana Miche anakwenda kwao kupanda, atarudi mwezi ujao. Maagizo yake: maji masafi, asubuhi, basi. Nisiupe kitu kingine chochote.

Jumapili, 13 Aprili

"Umeota?"

"Umeota, Mama! Majani mawili. Na unaitwa mkuyu."

"Mkuyu," akasema. "Haya. Sasa sikiliza, mwanangu. Unauwekea chumvi?"

"Chumvi ya nini?"

"Baba yako alikuwa anauwekea kila unapochipua. Kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji, mara mbili kwa wiki. Inaua wadudu wa mizizi. Nani alikuwa anampimia? Si mimi? Usipoweka, majani hayo yataanguka."

Nikamwambia Bwana Miche amesema maji tu. Mama akaguna. "Bwana Miche ameujua mti huu kwa siku ngapi?"

Na kweli, kwa siku ngapi? Mama ameishi nao miaka arobaini. Halafu mimi kutwa nzima namsikia Daktari kupitia ukuta: sukutua na maji ya chumvi, mama, asubuhi na jioni, kidonda kikauke. Nimelisikia mara elfu na vidonda vimekauka. Mti wangu una vidonda kumi na vinne.

Nimeweka kijiko kimoja.

Jumatano, 16 Aprili

Chumvi. Mvua imekatika siku mbili.

Jumapili, 20 Aprili

Chumvi. Jani la tatu limefunguka. Mama ameuliza kama nimeweka, nikasema nimeweka, akasema, "Vizuri."

Jumatano, 23 Aprili

Chumvi. Jani la kwanza limekuwa kahawia pembeni, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto.

Jumapili, 27 Aprili

Mama anasema huko ndiko kujisafisha, uchafu unatoka. Niongeze viwe vijiko viwili. Nimeongeza.

Jumatano, 30 Aprili

Chumvi, viwili. Majani mawili yameanguka yenyewe, sikuyagusa. Nimeyaweka ndani ya kitabu hiki.

Jumapili, 4 Mei

Bwana Miche amerudi. Hakunisalimu vizuri, alienda moja kwa moja kwenye mti. Ukoko mweupe umerudi kuzunguka sahani. Safari hii aliugusa kwa kidole, akakilamba. Akatema nje ya roshani.

"Dada, hii chumvi."

"Ndiyo. Mama alisema..."

"Chumvi!" Mtu mpole huyu alinipigia kelele nyumbani kwangu. "Mtu akitaka kuua kisiki kisichipue tena, anamwaga nini?"

Akakwangua. Kahawia. Akashuka chini, kwenye uzi wetu wa kijani. Kahawia. Alipomaliza aliufuta ukucha kwenye shati lake, polepole, na hakuniangalia usoni. Kisha akasema neno ambalo limenikosesha raha siku nzima. Ule ukoko alioufuta mwezi wa tatu haukuwa magadi ya bomba. Ulikuwa huuhuu, na laiti angeulamba siku ile angejua. Mti huu, kabla haujafika kwangu, kuna mtu alikuwa ameshautia chumvi.

Mama ni mzee, amechanganya mambo. Lakini kule kwenye roshani hakuchanganya mtu mzee. Kule kuna mwenye nyumba: wifi.

Jumatatu, 5 Mei

Nimempigia wifi wakati wa mapumziko, nikiwa kwenye chumba changu cha kazi, mlango umefungwa. Sikumpa nafasi. Nilimwambia yeye ni mnyama. Nilimwambia kuunyima mti maji ni uvivu, lakini kuutilia chumvi ni uchawi. Nilimwambia mengine kuhusu kwao ambayo siyaandiki. Niliposimama kuvuta pumzi, akauliza kwa sauti ileile ya siku zote:

"Umemaliza, wifi?"

Nikasema nimemaliza.

"Mti nilikuwa naumwagilia mimi. Kila asubuhi, maji niliyooshea mchele. Alfajiri, Mama akiwa bado hajaamka. Alikuwa akiamka anatoka na kikombe chake, anamwaga chumvi. Nilimuona wiki ya kwanza baada ya msiba. Akirudi ndani mimi natoka tena na ndoo, nasuuza udongo mpaka maji yanatoka bila ladha. Miezi tisa, wifi. Siku zingine goti linaniuma nashindwa kubeba ndoo, na ndiyo siku hizo majani yalikuwa yanaanguka."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Kwa mume wangu, kwamba mama yake anamwaga chumvi kwenye kumbukumbu ya baba yake? Au kwako, kwenye kundi?" Nilisikia anakaa kitini, akaguna kwa lile goti. "Yule ni mama yenu. Mimi ni mke tu wa nyumbani kwenu. Ningeaminiwa na nani?"

Alisubiri kwa adabu, kisha akaniaga, akasema Jumamosi wataniletea Mama kama tulivyopanga, dawa zake za presha ziko kwenye mfuko wa buluu.

Taya la plasta la mteja wa saa nane nimelipasua mikononi.

Jumanne, 6 Mei

Nimesoma tena nilichoandika kwenye kundi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimejaribu kukifuta. Muda umepita, simu inakataa.

Jumamosi, 10 Mei

Mama amefika na mfuko wa buluu. Wifi alibaki garini kwa sababu ya goti. Nilishuka hadi chini, nikasimama dirishani kwake. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikasema, "Wifi, pole na goti." Akasema, "Nimeshapoa." Gari likaondoka.

Mti uko mezani. Mama aliupita akaenda kukaa kwenye kiti kinachotazama dirisha.

Jumapili, 11 Mei

Mvua asubuhi yote. Nilimpa Mama chai, nikaketi mbele yake, nikaweka mti katikati yetu.

"Mama, Baba hakuwahi kuutia chumvi mti huu."

Alikunywa chai kwanza. "Hapana."

"Na ulinifanya niutie mimi."

"Mti ulikuwa haukubali kufa," akasema. "Huko nilijaribu, mke wa kaka yako ananifuata nyuma na ndoo, anadhani sioni. Basi nikaona wewe una mkono mzuri. Mtu akikuambia jambo la kazi, unalifanya."

Aliyasema hayo kama anayenisifia, na naapa kwa sekunde moja nilifurahi.

Nikamuuliza kwa nini. Akanirudisha nyuma mpaka mwaka niliokuwa na miaka kumi na mitatu, bibi yetu alipofariki. Nakumbuka safari ile: basi, mimi na Kaka tunagawana kiti kimoja, Mama amejifunika khanga usoni njia nzima. Baba hakuja. Tuliambiwa ana kazi nyingi ofisini.

"Hakuwa na kazi," Mama akasema. "Alikuwa amebadilisha udongo Jumamosi. Akaniambia mizizi imekatwa, wiki mbili hauwezi kuachwa. Mama yangu amekufa, mume wangu ananiambia mti hauwezi kuachwa. Nilizika peke yangu. Watu wakaniuliza mkwe yuko wapi, nikasema anaumwa. Niliporudi nikamkuta anaufuta majani kwa pamba."

"Ungeung'oa siku ile, Mama. Ungeuvunja."

"Angejua ni mimi. Ilibidi atangulie yeye kwanza." Akaweka kikombe chini. "Nimengoja sana, mwanangu."

Nilitaka kupiga kelele kwamba mti haukuwa wake peke yake, kwamba nami nilikuwa na kesi na mzee yule, na huo ulikuwa shahidi wangu wa mwisho. Kwamba kwa ajili ya kesi yake nimemtukana mtu aliyebeba ndoo kwa goti bovu. Nikasema, "Chai imepoa, nikuongezee?"

Jumatano, 14 Mei

Wifi amepasuliwa salama. Kaka ameandika kwenye kundi. Watu wote wameandika pole. Mimi nimeandika: "Wifi, mti ulikuwa unaumwagilia wewe, nimejua. Nilikukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele yao." Hakuna aliyeweka kicheko. Amesoma, hajajibu. Ana haki yake.

Jumapili, 18 Mei

Mvua zimeisha. Bwana Miche amekuja kuuchukua mti. Anasema sahani bado nzima, atapandia kitu. Nimempa na mkasi wa Baba, uliokuja pamoja na mti. Mti wenyewe ulitoka kwenye udongo kirahisi, kama jino lisilo na mzizi, ukabaki mkononi mwake hauna uzito.

Mama alikuwa anaangalia. Nilimuona ananiangalia mimi, si mti, na nadhani aliona kitu usoni kwangu, kwa sababu Bwana Miche alipoondoka, Mama aliniita nikae karibu. Akanishika kiganja.

"Baba yako alikuwa anakusifia," akasema. "Wewe hukujua tu. Pale posta alikuwa anawaambia watu, binti yangu anatengeneza meno huwezi kujua si ya kuzaliwa. Akiwaambia mpaka wateja. Hodari, alikuwa anasema. Hodari kweli."

Nimelisubiri neno hilo tangu siku ya cheti. Nililisubiri kitandani kwake hospitalini, nikimfuta jasho. Nililisubiri hata kwenye huo mti, kama mjinga, nikidhani litatoka na majani.

Nikamtazama Mama mdomoni. Aliyasema bila kusita, macho makavu, kwa upole uleule aliosemea kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji, mara mbili kwa wiki. Na meno yalikaa sawasawa, hayakucheza hata kidogo, kazi yangu mwenyewe, ya juu na ya chini.

Nikamwambia, "Asante, Mama." Sitajua kamwe kama Baba alilisema.